Vita vya Shifta: Amani Ilitiwa Saini Arusha, Sheria Ikabaki Lamu

Mwakirunge, pembezoni mwa Kisauni kabla hujaingia Kilifi, inajulikana na watu wengi wa Mombasa kwa jambo moja tu: ndiko malori ya taka za jiji yanakoelekea. Jirani yake, Utange, iliwahi kupata jina kwa sababu nyingine. Mwaka 1991, Siad Barre alipofurushwa Mogadishu na Somalia ikavunjika vipande, pale Utange palichipuka kambi ya wakimbizi. Wengi wao walikuwa watu wa pwani kama wenyeji wao: Wabarawa wenye lahaja yao ya Chimiini, Wabajuni wa visiwa vya karibu na Kismayu, na watu wa Mogadishu ya zamani. Kambi ilifungwa katikati ya miaka ya 1990, wengine wakapelekwa kambi za bara, wengine wakasafirishwa hadi Marekani.

Lakini hao hawakuwa Wabajuni wa kwanza kuteremka Mombasa wakikimbia bunduki. Robo karne kabla yao, katika miaka ya 1960, Wabajuni wa upande wa Kenya walihama vijiji vya bara ya Lamu, kuanzia Mkokoni hadi Kiunga na Ishakani, wakaacha mashamba ya minazi, ya ufuta na ya pamba. Baadhi walivukia visiwani. Wengine waliishia Malindi, na wengine Mombasa. Walikuwa wanakimbia vita vya shifta, vita vya kwanza vya Kenya huru, ambavyo mtu wa Pwani hupenda kuvisimulia kana kwamba vilipiganwa nchi ya watu wengine, huko juu, jangwani.

Ni kweli vilipiganwa jangwani. Na ni kweli pia kwamba sheria zake zilitawala Lamu na Tana River kwa muda mrefu kuliko vita vyenyewe.

Uwanja wa vita hivyo ulikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofahamika kwa herufi tatu: NFD. Ndani yake zilikuwamo Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Ni nchi ya mawe meusi, mchanga na miiba, yenye jangwa la Chalbi upande mmoja na Mto Tana upande wa pili, na visima vinavyojulikana kwa majina na kwa koo zinazovimiliki. Mwingereza hakuitawala nchi hiyo kama alivyoitawala Nyeri au Kisumu. Kuanzia 1902 aliifunga kwa sheria ya wilaya za pembezoni, na mwaka 1934 akaongeza sheria nyingine ya wilaya maalumu. Kuingia kulihitaji kibali, na kutoka vilevile. Shule zilikuwa za kuhesabika, barabara ya lami haikuwapo. Mwaka 1925 sehemu kubwa ya Jubaland ilikabidhiwa Italia, na mpaka ukapita katikati ya malisho ya watu ambao hawakuulizwa.

Julai 1960 Somalia ikapata uhuru, ikapandisha bendera ya buluu yenye nyota ya pembe tano. Kila pembe ilisimamia nchi waliyoihesabu kuwa ya Wasomali: iliyokuwa ya Waingereza, iliyokuwa ya Waitaliano, Djibouti, Ogaden na NFD. Mwaka huohuo, ndani ya NFD, kilianzishwa chama cha NPPPP kilichotaka jimbo liungane na Somalia. Walikuwamo pia waliotaka kubaki Kenya, wakiwamo Waborana wengi wasio Waislamu, wakaunda chama chao. Ndugu waligawanyika, na hili husahaulika na wale wanaoyasema mambo ya kaskazini kana kwamba wote huko walikuwa na moyo mmoja.

Msomaji wa Mombasa anafaa kutulia hapa kidogo, kwani suala la NFD lilipandishwa jukwaa moja na suala la kwao. Wakati wajumbe wa kaskazini walipokuwa wakidai kujitenga katika mazungumzo ya Lancaster House jijini London, hatima ya Mwambao nayo ilikuwa inabishaniwa: ukanda wa maili 10 kutoka baharini ambao kisheria ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar. Kisauni ilikuwa ndani ya ukanda huo. Mwingereza alituma wachunguzi pande zote mbili. Kwa Mwambao alimtuma James Robertson mwaka 1961, naye akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Kwa NFD alituma tume ya watu wawili mwaka 1962, mmoja kutoka Nigeria na mwingine jenerali wa Kanada. Hao walizunguka nchi kavu ile na kurudi na jibu ambalo halikumpendeza yeyote Nairobi: wengi wa wakazi walitaka kujitenga.

Jibu la Robertson lilifuatwa. Jibu la tume ya NFD likawekwa kando. Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitangaza kwamba Wasomali wa kaskazini-mashariki wangepewa jimbo lao ndani ya Kenya ya majimbo. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi huohuo. Mei uchaguzi ulipofanyika, maeneo mengi ya jimbo hilo yaliususia. Agosti pande zote zilikutana Roma, zikaachana bila chochote. Mwezi Oktoba suala la Mwambao lilimalizwa kwa barua baina ya Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Pwani ikaingia Kenya kwa wino. Kaskazini ikaingia kwa risasi.

Damu ilikuwa imekwisha kumwagika hata kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa. Tarehe 28 Juni 1963, karibu na Modogashe, Daudi Dabasso Wabera, DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, aliuawa pamoja na Haji Galma Dida, chifu mkubwa wa Waborana. Walikuwa wakizunguka kuwashawishi watu wasijitenge. Mauaji hayo yaliwasukuma wengi upande huu au ule, maana baada ya Modogashe kutoegemea upande wowote kulikuwa hatari. Leo jina la Wabera limeandikwa kwenye mtaa wa katikati ya Nairobi, na maelfu hupita hapo kila siku wakiwahi matatu.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Siku 13 baadaye, Krismasi, Kenyatta alitangaza hali ya hatari katika jimbo la Kaskazini-Mashariki. Ukanda wa maili 5 ukapigwa marufuku mpakani. Serikali iliwaita wapiganaji mashifta, yaani majambazi wa nyikani, na jina likakaa. Wenyewe walijiona jeshi la ukombozi. Jina la serikali lilikuwa na faida yake: jambazi hana madai ya kujadiliwa mezani.

Jeshi la Kenya lililopelekwa huko lilikuwa changa mno. Lilikuwa limetoka tu kubadilisha beji za King's African Rifles kuwa Kenya Rifles, na Januari 1964 kikosi chake kimoja kilifanya uasi kule Lanet, Nakuru. Jeshi la anga lilianzishwa Juni 1964, likiwa na ndege ndogo za propela zilizofaa zaidi kubeba barua na kuchungulia nyayo kuliko kupiga mabomu. Jeshi la wanamaji lilizaliwa Desemba mwaka huo pale Mtongwe, Likoni, na mashua zake za doria, Simba, Chui na Ndovu, zikawasili 1966. Juu ya hayo yote walikuwapo maofisa Waingereza. Mkenya wa kwanza kuliongoza jeshi, Joseph Ndolo, alikabidhiwa usukani mwishoni mwa 1966, vita vikiwa vimekaribia mwaka wake wa mwisho.

Vita vya jangwani hupiganiwa maji. Vikundi vya wapiganaji vilikuwa vidogo, vikitembea usiku, vikibebesha ngamia risasi na viriba, na kupumzika mchana chini ya migunga. Mvua ikinyesha na madimbwi yakajaa, waliweza kwenda popote; jua likikaza, walilazimika kurudi visimani, na askari walilijua hilo. Basi jeshi likakaa kwenye visima: Wajir, El Wak, Garba Tulla. Wapiganaji nao walishambulia vituo vya polisi, wakavizia misafara, wakavuka mpaka kabla hakujapambazuka. Walianza na bunduki za zamani, nyingine masalio ya Waitaliano. Somalia ilikuwa imetia saini na Muungano wa Kisovieti mpango wa msaada wa kijeshi mwaka 1963, na kadiri miaka ilivyosonga silaha zikawa bora. Kenya kwa upande wake ilikuwa na mkataba wa ulinzi na Ethiopia ya Haile Selassie, ambayo nayo ilikuwa na ugomvi wake na Mogadishu juu ya Ogaden.

Kisha yakaja mabomu ya kutegwa ardhini. Barabara za kaskazini zilikuwa njia za vumbi tu, na lori likipita pale lilipopita jana ndipo bomu linapolingoja. Askari ambaye angeweza kumfukuza mpiganaji kichakani hakuwa na la kufanya na chuma kilichozikwa. Kilichofuata ndicho kilichoamua vita, na ndicho kinachokumbukwa kwa uchungu kuliko mapigano yoyote.

Mwaka 1966 serikali ilianza kuwakusanya watu vijijini kwa nguvu. Mbinu ilikuwa ya Mwingereza, ileile aliyowatendea Wakikuyu wakati wa Mau Mau, na miongoni mwa waliokuwa wakiitekeleza sasa walikuwamo waliowahi kuilaani. Wafugaji waliamriwa kuingia kwenye manyatta zilizozungushiwa ua wa miiba, chini ya kafyu, mifugo ikilishwa karibu tu na kambi. Aliyekutwa nje alihesabiwa adui. Hoja ya jeshi ilikuwa nyepesi kueleweka: mpiganaji hula kwa wafugaji, hivyo mtenganishe naye. Ila mfugaji wa ngamia akizuiwa kuhama hapungukiwi uhuru tu. Mifugo humaliza majani ya karibu kwa wiki chache, magonjwa yakaingia, kisha njaa.

Ngamia walipigwa risasi kwa sababu walikuwa usafiri wa adui. Mtafiti Richard Hogg, aliyefanya kazi miongoni mwa Waborana wa Isiolo, aliandika kwamba wilaya hiyo ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya ngamia wake kati ya vita kuanza na mwaka 1970, na mbuzi na kondoo kwa kiwango kinachokaribia hicho. Familia zilizokuwa zikihesabiwa tajiri zikawa zinapanga foleni ya chakula cha msaada. Waborana wa Isiolo huuita wakati huo Gaf Daba, wakati wa kuzuiliwa, na umri wa wazee wengine bado hupimwa kwa huo: aliyezaliwa kabla na aliyezaliwa baada.

Serikali ilitoa hesabu yake: wapiganaji wapatao 1,650 waliuawa, askari na polisi 69, na raia zaidi ya 500. Tofauti ya namba mbili za kwanza inatosha kumfanya msomaji ajiulize ni wangapi kati ya hao 1,650 walikuwa na bunduki mkononi. Waliokufa kambini kwa njaa na kuhara hawamo humo.

Huku Pwani, moto huo ulishuka na Mto Tana. Wapokomo wa kandokando ya mto walivamiwa, na vijiji vya Wabajuni vya bara vikachomwa, watu wakapigwa kutoka pande mbili: mashifta wakitaka chakula, askari wakiwashuku kwa kukitoa. Kwa mvuvi wa Kibajuni aliyekuwa na ndugu Kismayu na shamba Mkokoni, mpaka uliokuwa mstari wa ramani tu ukawa sababu ya kuulizwa yeye ni wa nani. Wengi hawakurudi. Minazi yao iliota magugu, na baadaye walipotaka kurejea wakakuta majambazi wa miaka ya 1990, kisha Al-Shabaab.

Vita vyenyewe viliishaje? Havikwisha kwa ushindi wa medani, kama sinema zinavyopenda. Vilikwisha kwa sababu Mogadishu ilichoka. Kenya ilikuwa imefunga biashara na Somalia mwaka 1966. Juni 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita vya Waarabu na Israeli, na ndizi za Somalia zilizokuwa zikienda Italia zikalazimika kuizunguka Afrika nzima. Julai akaingia waziri mkuu mpya, Mohamed Haji Ibrahim Egal, mtu wa kaskazini mwa Somalia, ambaye hakuona sababu ya kuendelea kulipia vita visivyoleta kitu. Septemba, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kinshasa, Egal na makamu wa rais wa Kenya, Daniel arap Moi, walikubaliana kuacha uhasama. Kenneth Kaunda wa Zambia ndiye aliyekuwa msuluhishi.

Tarehe 28 Oktoba 1967 Kenyatta na Egal walikutana Arusha, Kaunda akiwapo, pamoja na Nyerere wa Tanzania na Obote wa Uganda. Walikubaliana kurejesha uhusiano, kunyamazisha matusi ya redio na magazeti, kuunda kamati ya pamoja iliyoihusisha Zambia, na kuondoa kidogo kidogo sheria za hali ya hatari pande zote za mpaka. Redio Mogadishu ikapoa. Wapiganaji wakaachwa bila mfadhili, wakazika au wakauza bunduki zao. Egal mwenyewe alilaumiwa nyumbani kwa kuiuza pembe ya tano ya nyota. Oktoba 1969 rais wake, Abdirashid Ali Sharmarke, aliuawa na mlinzi, Siad Barre akapindua serikali, na Egal akatiwa gerezani.

Ukiisoma tena ile ahadi ya Arusha, kipengele cha sheria za hali ya hatari ndicho kinachosikitisha. Nchi mbili zilipatana kwa siku moja. Kenya na raia wake wa kaskazini hawakuketi meza yoyote. Kanuni za mwaka 1966, zilizoruhusu kukamata bila kibali, kuweka kizuizini, kutwaa mifugo na kupiga kafyu, ziliitaja Kaskazini-Mashariki na wilaya zinazopakana nayo: Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga iliyozuia askari na maofisa kushtakiwa kwa waliyoyafanya katika maeneo hayo kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mjane wa Garba Tulla na mvuvi wa Kiunga waliambiwa na Bunge lao kwamba mahakama haina nafasi yao. Kanuni zenyewe ziliondolewa Novemba 1991, miaka 24 baada ya Arusha. Mwaka huo ndio kambi ya Utange ilipokuwa ikijaa.

Katikati ya miaka hiyo 24, mbinu za vita ziliendelea wakati wa amani. Garissa mwaka 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa baada ya maofisa wa serikali kuuawa. Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema kwanza 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema huenda walikaribia 1,000, na wenyeji wanataja zaidi ya hapo. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, pamoja na wa mijini, walitakiwa kupigwa msasa na kubeba kadi za rangi ya waridi kuthibitisha uraia wao. Hakuna kabila jingine lililotakiwa kuwa na kadi hiyo.

Tume hiyo ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Ni kazi kubwa, yenye juzuu kadhaa, na waliowahi kuisoma yote ni wachache. Ndani yake mna ushahidi wa Waborana, Wasomali na Wabajuni ambao kwa mara ya kwanza waliiambia serikali, kwenye kipaza sauti cha serikali, kilichowapata. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya dola kwa makosa ya serikali zilizopita, ikiwamo ya baba yake, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Miaka kadhaa baadaye waathiriwa walikuwa bado wanaulizia pesa hizo.

Kumbukumbu ya Mombasa kuhusu vita ina sura nyingine. Kwenye barabara ya Jomo Kenyatta kuna sanamu za askari Waafrika waliotumikia Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, watu waliokufa kwa ajili ya mfalme wa Uingereza. Wamesimama pale kwa karibu miaka 100. Vita vya shifta huku Pwani viko midomoni: katika neno shifta lenyewe, ambalo mtoto wa Kisauni hulitumia kumtukana mwenzake pasipo kujua lilikotoka, katika hadithi za bibi aliyehama bara akiwa msichana, na katika basi la Lamu ambalo, mashambulizi yalipozidi kuanzia 2014, lililazimika kusubiri wenzake na kuongozana na polisi, kama malori ya Garissa ya 1966.

Palipobaki alama iliyo wazi zaidi ni ofisi ya kitambulisho. Kijana wa Wajir aliyetimiza miaka 18 alikwenda mbele ya kamati ya wazee na maofisa kuulizwa baba, babu, ukoo na kisima. Mbajuni wa Mombasa naye alikwenda na vyeti vya babu yake wakati Mkamba aliyezaliwa Changamwe akipiga picha na kuondoka. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada katika kaunti za mpakani. Wako waliosherehekea mpaka usiku, na wako wanasiasa waliosema papo hapo kwamba mlango umefunguliwa kwa magaidi. Mabishano yalikuwa yaleyale ya 1963, juu ya nani ni Mkenya na nani anaamua, isipokuwa mara hii yalifanyika redioni na kwenye simu za mkononi, na Mogadishu haikuwa na usemi ndani yake.